Ukifika Chepkoilel, Uliza

Eldoret ilihesabiwa mashamba kabla ya nyumba, na nyumba bado zinasubiri zamu yao. Nilipanga barua katika posta ya mji huu tangu usichana wangu hadi nikastaafu, kwa hiyo sisemi ya kuambiwa. Mtu anaweza kuishi mtaa wa Kimumu miaka 30, akasomesha watoto, akazika wazazi, na anwani yake yote ikawa kisanduku cha chuma chenye tundu la ufunguo, katikati ya mji, mbali na kitanda chake. S.L.P., kisha namba, kisha Eldoret 30100. Wengine hata kisanduku hicho hawana. Barua zao hupitia sanduku la shule, la kanisa au la mwajiri. Ukitaka kumwandikia mtu wa hapa, utampata. Ukitaka kumtembelea, shauri yako.

Sisi wenyeji hatuoni taabu. Taabu ni ya wageni, hasa wa sherehe, maana wao wanangojewa na chakula kiko jikoni. Miezi michache baada ya Eldoret kupewa hadhi ya jiji, Agosti 2024, tulikuwa na koito ya binti wa kaka yangu, ile siku ambayo upande wa bwana harusi unakuja rasmi na mahari inapatanwa. Mchumba ni Mtaita, mwalimu, kwao Wundanyi. Wakwe zetu walikodi matatu Voi, wakasafiri usiku kucha, wakafika siku moja kabla. Redioni walikuwa wamesikia kwamba Eldoret ni jiji la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, basi wakategemea mambo ya jiji: vibao, namba, mishale. Walikunywa chai hotelini mjini, wakaoga, wakasema hawawezi kuja hadi makao makuu ya Uasin Gishu wakalala mchana kutwa. Wakaenda zao Iten kuona bonde la Kerio na wakimbiaji, wakipanga kuja kutuamkia jioni. Nitafika kwenye kupotea kwao. Lakini hawakuwa wa kwanza kupotea kwenye uwanda huu, wala si ujinga wao uliowapoteza.

Zamani zetu sisi Wanandi, mtu hakuhitaji namba. Alikuwa wa kokwet fulani, yaani ujirani wa nyumba ambazo wazee wake walikaa chini ya mti mmoja kuamua kesi na kazi, na kokwet hiyo ilikuwa ndani ya pororiet fulani. Ukitaja ukoo, kokwet na pororiet, umeshaelekezwa hadi mlangoni. Huku juu kwenyewe hapakuwa na nyumba nyingi. Wamaasai wa Uasin Gishu, walioiachia nchi hii jina lao, walivunjwa nguvu na vita vya karne ya 19, wakatawanyika. Kabla yao wanatajwa Wasirikwa, ambao mazizi yao ya kuchimba chini, yale tunayoita mashimo ya Sirikwa, bado yanaonekana malishoni. Wanandi walikuja hapa na ng'ombe, nyasi zikiwa nzuri, wakarudi. Mgeni aliyepita asione moshi alidhani nchi haina mwenyewe.

Mgeni wa namna hiyo alifika mwaka 1905. Serikali ya Uingereza, mwaka 1903, ilikuwa imewaambia viongozi wa Kizayuni kwamba iko tayari kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa huko Urusi eneo la kukaa katika Afrika Mashariki, na eneo lililokusudiwa likawa uwanda huu. Mpango ukaitwa wa Uganda, kwa sababu upande huu ulikuwa chini ya Uganda mpaka 1902. Tume ya watu watatu ikatumwa kukagua: Meja Gibbons, Mwingereza aliyezoea safari za Afrika, Kaiser, Mswisi, na Nahum Wilbusch, mhandisi mzaliwa wa Urusi. Wilbusch alipotea njia huku juu, akatangatanga na wapagazi wake bila chakula cha kutosha. Ripoti yake ilikuwa mbaya kuliko za wenzake, na katikati ya mwaka huohuo mkutano mkuu wa Wazayuni huko Basel ukaikataa nchi. Sisemi aliichukia kwa sababu ya kupotea. Alikuwa na shaka tangu awali, kwa kuwa moyo wake ulikuwa Palestina. Ila nyasi zilizompoteza na nyasi alizoziandika kwamba hazifai ni zilezile.

Huyo akaondoka. Mwezi Oktoba mwaka huohuo kiongozi wetu Koitalel arap Samoei aliuawa kwa hila na ofisa wa Kiingereza, Meinertzhagen, mahali walipokuwa wamekubaliana kukutana kwa amani, na upinzani wa Wanandi uliodumu zaidi ya miaka kumi ukavunjwa. Walioukuta mlango wazi ni Makaburu. Kundi kubwa, familia 47 zikiongozwa na Jan van Rensburg, lilitoka Afrika Kusini kwa meli mpaka Mombasa, likapanda treni mpaka Nakuru, kisha likapanda milima kwa magari ya kukokotwa na maksai. Mwendo ambao leo matatu huumaliza kwa saa tatu hivi, wao uliwala miezi. Walikata mianzi, wakajaza matope magogo ili magurudumu yapite, na tarehe 22 Oktoba 1908 wakafika kwenye jiwe la Sergoit. Jiwe hilo ndilo lililokuwa kibao chao cha pekee. Unaliona kutoka mbali ukielekea Iten, na wakwe zetu walilipiga picha.

Halafu wakaja wapimaji wa ardhi, na hapo ndipo namba zinapoanza. Uwanda ulikatwa vipande, kila kipande kikapewa tarakimu na mzungu wake. Shamba namba 64 lilikuwa la Willie van Aardt. Lilikuwa na mawe, halikuwa la kulimia, na ndiyo sababu lilifaa kuwekwa mji: hakuna aliyelilia. Posta ilifunguliwa hapo mwaka 1910. Kabla ya duka la maana, kabla ya benki, kulikuwa na posta, na nawaomba wasomaji wanivumilie nikilitaja hilo kwa kiburi kidogo. Mwaka 1912 mji ukatangazwa rasmi kwa jina la Eldoret, lakini watu walishazoea kuuita Sixty-Four, na wazee wetu wakaulainisha ukawa Sisibo. Bibi yangu hakuwahi kusema Eldoret hata siku moja.

Wapo wazee wanaobisha. Wao husema 64 ni maili kutoka stesheni ya reli ya Kibigori, kule chini upande wa Kisumu. Nimewasikia wakiumaliza mchana mzima kwa ubishi huo. Mimi niko upande wa shamba, na sababu yangu ni ya mtu wa mizigo: bidhaa za mji huu hazikupandia Kibigori. Zilitoka stesheni ya Londiani kwa magari ya maksai, zikapita Timboroa na Burnt Forest. Mji hauwezi kuhesabu umbali wake kutoka mahali usikopata sukari yako.

Njia hiyo ya Londiani iliwatesa sana walowezi. Wakati wa mvua gari lilizama hadi ekseli, watu wakapakua kila kitu, wakavuta, wakapakia tena. Kuna hadithi inayosimuliwa hapa kila wanapokutana watu watatu wenye umri wangu, kwamba benki ya kwanza, Standard Bank of South Africa, iliyofunguliwa 1912 katika kijumba cha udongo, ilikuja na sefu nzito iliyoanguka kutoka garini, ikashindikana kuinuliwa, ikabidi benki ijengwe kuizunguka pale ilipoangukia. Sina haja ya kuitetea. Naipenda kwa sababu ndivyo mji wetu wote ulivyopangwa: kitu kinaangukia mahali, watu wanajenga kukizunguka. Treni ilipofika 1924, baada ya kuvuka mgongo wa Timboroa ulio zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, ndipo mizigo ilipoacha kutegemea mabega ya maksai.

Sasa tazama nani alikuwa na namba. Shamba lilikuwa na namba. Sanduku la posta la mlowezi lilikuwa na namba. Na Mwafrika mwanamume naye alipewa yake: baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila mwanamume mtu mzima alilazimishwa kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake ndani ya kikebe cha chuma, na wengi walikining'iniza shingoni. Babu yangu alivaa chake akichunga ng'ombe za mwenye shamba, kwenye ardhi ambayo babu yake yeye alichungia za kwake. Kitu ambacho hakikupewa namba ni kibanda alimolala. Kilikuwa cha nyasi, nyuma ya zizi, na mwenye shamba angeweza kukiondoa Jumatatu kikawa upande wa pili Jumanne. Wa mjini walikuwa kwenye lokesheni na kwenye majengo ya wafanyakazi, na kwa serikali ilitosha kujua kwamba wako humo. Nani angewaandikia?

Uhuru ulipokuja, walowezi wengi waliuza. Makampuni ya kununua ardhi na vyama vya ushirika vikachanga, vikanunua mashamba mazima, wanachama wakagawana. Ndivyo ilivyoota mitaa mingi inayouzunguka mji. Shamba lenye namba moja likawa ploti mamia, nyingi za futi hamsini kwa mia, na njia zikapita pale zilipokuwa zikipita ng'ombe. Kisha viwanda vya nguo vikavuta watu. Rivatex ilianza miaka ya 1970. Chuo Kikuu cha Moi kikaanzishwa 1984. Watu wakamiminika kutoka Magharibi, Nyanza, Kati, Turkana, na kila mmoja akamwelekeza nduguye kwa kitu alichokiona dirishani. Mtaa mmoja unaitwa Annex kwa sababu ya kampasi ya chuo iliyo jirani. Maili Nne ni maili nne kutoka mjini kwa barabara ya Uganda, na nchi ilishahamia kilomita tangu nikiwa shuleni. Hoey's Bridge, daraja la mwindaji Hoey juu ya mto Nzoia, siku hizi ni Moi's Bridge, lakini nimewahi kupokea bahasha za wazee zilizoandikwa jina la zamani miaka mingi baada ya kubadilishwa, na zilifika. Tulijua. Mpangaji barua wa Eldoret alihitaji kujua miji iliyokufa pamoja na iliyo hai.

Kuna mwaka ambao kujua hakukutosha. Januari 2008, baada ya uchaguzi, nyumba zilichomwa huku na watu wakauawa, na maelfu wakahamia kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Posta ilipofungua tena tulirudi kazini, barua zikaja kama kawaida, kwa kuwa barua haina habari. Kuna visanduku vilijaa mpaka nikawa nazifunga kwa kamba ya mpira na kuziweka rafuni. Niliwajua wenyewe kwa sura. Mmoja alikuja mwezi wa tatu, amevaa koti lisilo lake, akachukua fungu lake, akaniuliza fomu ya kuhamisha anwani. Akaandika Nakuru. Hatukusema mengi, yeye ni Mkikuyu, mimi ni Mnandi, na kati yetu palikuwa na dirisha la kaunta. Tangu hapo neno "palipokuwa" liliongezeka katika maelekezo ya mji huu. Palipokuwa duka la fulani. Palipokuwa geti la bluu. Wageni hawaulizi kwa nini hapako tena, na wenyeji hawaelezi.

Basi turudi kwa wakwe.

Kaka yangu alimwelekeza dereva kwa simu, kwa utulivu wote wa mwalimu mkuu mstaafu: mkitoka Iten, mkifika jankisheni ya Chepkoilel, njooni kidogo upande wa mjini, mtaona palipokuwa mashine ya kusaga, ingieni hapo, fuateni mikaratusi. Kwa mtu wa Kimumu hakuna kosa hata moja katika sentensi hiyo. Lakini kibao cha chuo cha upande huo hakisemi Chepkoilel. Tangu 2013 kinaitwa Chuo Kikuu cha Eldoret, na sisi wote tunaendelea kusema Chepkoilel kana kwamba hatukuambiwa. Mashine ya kusaga iliondoka, mahali pake pana jengo la ghorofa nne lenye duka la simu. Mikaratusi ilikatwa, yamebaki magogo mawili ambayo akina mama huuzia mboga juu yake.

Walipita. Wakapiga simu, wakarudi, wakapita tena. Mpwa wangu, kijana wa siku hizi, akasema wazee mnahangaika bure, akawatumia pini. Ramani ya simu ikawaingiza kwenye njia ya vumbi nyuma ya mtaa, ikawafikisha kwenye kijito, ikawatangazia kwamba wamewasili. Ng'ambo waliiona taa ya uani kwetu. Bamkwe, baba yake bwana harusi, alituambia baadaye kwamba alituona kabisa tukibeba viti. Daraja hapakuwapo.

Giza likaingia. Kwa mita 2,100 hivi juu ya bahari, giza la huku huja na baridi, na wao walikuwa wamevalia Voi. Kaka akachoka, akawaambia, "Rudini Sixty-Four, tuanze upya." Alimaanisha mjini. Wao wakamuuliza mtu wa kwanza Sixty-Four iko wapi, na yule bwana kwa nia njema akawaonyesha uwanja wa michezo unaoitwa Sixty-Four. Wakaegesha hapo, wakakaa. Kaka anasema wako mjini, wao wanasema wako Sixty-Four, wote wanasema kweli, na hakuna anayemwona mwenzake.

Aliyewaokoa ni kijana wa bodaboda aliyegonga dirisha akidhani wanatafuta hoteli.

"Shikamoo mzee. Mnaenda wapi?"

"Marahaba. Kimumu, palipokuwa mashine ya kusaga."

"Kimumu ni kubwa. Mnaenda kwa nani?"

Bamkwe akataja jina la kaka. Kijana akatikisa kichwa. Mama mkwe, aliyekuwa kiti cha nyuma amejifunika leso mbili, akasema, "Dada yake alikuwa posta."

"Yule senge wa kaunta? Si mngesema! Alikuwa akinipa barua za nyanya yangu nikiwa mdogo. Nifuateni."

Senge kwetu ni shangazi. Kijana aliwatangulia na taa yake moja mpaka getini. Tulimpa chai na mkate, akala amesimama, akakataa pesa ya kwanza, akapokea ya pili.

Kesho yake koito ilikwenda vizuri. Wanawake wetu walifunga geti na kuimba, wageni wakajibu kwa Kitaita, hakuna aliyemwelewa mwenzake na geti likafunguliwa. Mursik, maziwa yetu ya mgando, ilimiminwa kutoka kwenye sotet, kibuyu chake. Mama mkwe aliionja, akauliza kile cheusi ndani yake ni nini, akaambiwa ni mkaa wa mti wa senetwet, akanywa mpaka mwisho, nikajua binti yetu atakaa salama. Wazee waliingia ndani kuzungumza mambo ya ng'ombe. Mzee wetu mmoja alijaribu kuongeza mtamba wa kuwafidia waliokesha wakiwasubiri. Msemaji wa Wataita akasimama, akasema kwa adabu kwamba sheria za kwao humtoza aliyeweka njia mbovu, si aliyeipotea, na akaomba mtamba huo utolewe na upande wa wenyeji. Walicheka mpaka sisi tuliokuwa jikoni tukasikia. Mtamba ukafutwa.

Jambo moja walilolitaka hatukuwapa nafasi nalo: bamkwe alitamani kuona mahali ilipoangukia sefu ya benki. Nilimwahidi kumpeleka, lakini matatu yao ya kurudi ilikuwa inawangoja.

Harusi yenyewe itakuwa Wundanyi, mwezi wa Desemba, na maelekezo yameshatufikia kwa sauti ya mama mkwe, rekodi ya dakika nne. Mkitoka Voi mkifika Mwatate, kateni kulia. Pandeni kona zote, msiogope. Mkishapita soko la Wundanyi, endeleeni kama mnaoenda hospitali ya Wesu, mtaona palipokuwa ghala la mboga, hapo ulizeni kwa Mama Mchungaji, kila mtu anamjua. Kaka ameisikiliza mara kadhaa akiwa na kalamu mkononi. Amejibu kuuliza geti la Mama Mchungaji ni la rangi gani, akajibiwa lilikuwa kijani.